Redio Ina Kila Kitu, Ila Haishiki

Nenda duka lolote la vifaa vya umeme hapa Morogoro mjini, kuanzia maeneo ya Soko Kuu la Chifu Kingalu mpaka Msamvu stendi, uulize redio ya masafa mafupi yenye usikivu mzuri. Utaonyeshwa tochi.

Sitanii. Kijana ataishusha redio kutoka rafuni, ataifuta vumbi kwa kiganja, na kabla hujaiona sura yake ameshabonyeza kitufe cha ubavuni na mwanga umekuingia machoni. "Hii mzee wangu ina tochi. Ina sola. Ina flashi, ina memori kadi, ina Bluetooth, na simu unachajia hapahapa." Unamwambia, mwanangu, mimi nimeuliza kama inashika. "Inashika nini?" anauliza, na mshangao wake ni wa kweli kabisa, hauna dharau ndani yake. Amezaliwa katika mji wenye minara juu ya kichwa chake. Hajawahi kuona redio ikihangaika.

Nisingekuwa na shida hiyo kama si mjomba. Wasomaji wa makabila mengine watauliza: mjomba tu? Sisi Waluguru tunahesabu ukoo upande wa mama. Baba ni mtu wa heshima, tunampenda, tunamzika vizuri, lakini shamba la ukoo, posa na kesi zote za nyumbani ni mambo ya mjomba. Kwa hiyo mjomba akisema jambo, hilo si ombi, ni waraka. Na wa kwangu anaishi Nyandira, kule Mgeta, kwenye kabichi na njegere na baridi ya kuvaa koti mwezi wa saba mchana kweupe. Alinipigia akiwa pale kilimani wanapopanda wanakijiji wote wakitaka kuongea na simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mpwa wangu, redio imekufa. Niletee nyingine. Siyo hizi za muziki. Redio."

Akakata. Mtu aliyepanda kilima kwa miguu ili apige simu huwa hana porojo.

Ili mnielewe mimi, muelewe kwanza mlima. Hapa mjini sisi ni watoto wa Bondwa. Kilele kile kinapita mita 2,100, kimebeba minara, na FM inatumwagikia kutoka juu kama mvua ya masika. Ukiwa Kihonda au Kilakala, redio yoyote ile, hata iliyovunjika antena ikafungwa kijiti cha mbao, inakupa muziki, mahubiri na kipindi cha michezo bila kulalamika. Shida ni kwamba mawimbi ya FM huenda moja kwa moja, kupiga kona hayajui. Mgeta iko nyuma ya mgongo wa mlima. Kati ya mjomba na minara yetu umelala Uluguru wenyewe, na ukisogea kusini unakutana na uwanda wa Lukwangule na kilele cha Kimhandu chenye zaidi ya mita 2,600. Kule ukiwa juu ya kigongo unasikia taarabu safi kabisa. Ukishuka bondeni kuchota maji unabaki na mkwaruzo mtupu, na mwimbaji humwoni tena mpaka upande.

Masafa mafupi hayana ugomvi na mlima. Yanarushwa juu, yanagonga tabaka la anga liitwalo aionosfia, lililo kati ya kilomita 100 na 400 hivi kutoka ardhini, kisha yanarudi chini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Mtu anayeletewa habari kutoka kilomita 300 juu ya kichwa chake, mlima wa kilomita mbili na nusu anauonea huruma tu.

Haya yote nilimweleza mtoto wa dada yangu, ambaye kwa sheria ileile ya ukoo mimi ndiye waraka wake, lakini vijana wa siku hizi waraka wanausoma na kuufuta. Akacheka. "Mjomba, redio sasa hivi ni programu. Mpakulie kwenye simu, asikilize dunia nzima." Nikamuuliza apakue wapi: kule kilimani? Asimame gizani na baridi ile, simu hewani, asikilize habari za Ukraine? Na bando nani ananunua? Mimi mwenyewe nimejaribu hapa mjini. Kipindi kinaanza, mtangazaji anasema mabomu yameanguka katika mji wa, halafu ujumbe unaingia: Ndugu mteja, umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako. Mji gani, sijui mpaka leo. Masafa mafupi hayajawahi kumwita mtu ndugu mteja.

Mjomba ni wa kizazi kilicholelewa na redio za mawe. Enzi zile Philips walikuwa na kiwanda cha redio Arusha, na Matsushita, hawa wenye jina la National, walikuwa Dar es Salaam wakitutengenezea betri. Yeye alikuwa na National ya betri kubwa, imevishwa kifuko cha ngozi chenye matundu upande wa spika, na kichwani alikuwa na ratiba ya dunia nzima. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, Sauti ya Amerika ikafuata 1962, Ujerumani 1963, na kabla ya wote hao Cairo ilishakuwa hewani ikiwatukana wakoloni kwa Kiswahili. Mjomba aliwagawia wote nafasi zao. London jioni, Cologne ya Wajerumani ikifuata, na katikati Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo ya vifo, maana msiba ukikupita kwetu ni deni. Vita vya Kagera alivipigana akiwa Nyandira, kwa sikio, na mpaka leo anavisimulia kwa namna ambayo mgeni anaweza kumwuliza alikuwa kikosi gani.

Redio hiyo iliuawa na betri. Duka moja la kijijini lilimwuzia betri zilizolala miaka, zikatoa maji ndani, zikala chuma. Fundi mmoja akaifungua, akaitazama kwa muda mrefu, akasema spea zake hazipo tena duniani, halafu akadai hela ya kuitazama.

Basi nikaingia madukani. Sheria ya wauzaji wetu ni kwamba redio hujaribiwa kwa FM. Kijana anazungusha nobu, anapata bongofleva, anapandisha sauti mpaka kioo cha kabati kinatetemeka, kisha anakutazama kwa ushindi. Nikamwambia weka SW, yaani masafa mafupi. Akaweka. Ikanguruma. "Huko mzee siku hizi hakuna kitu," akasema, akarudi FM haraka kabla muziki haujapoa.

Hakuna kitu! Duka lenyewe lilikuwa limejaa taa za LED darini, chaja zimechomekwa ukutani kuanzia mlangoni hadi chooni, na jirani ana sabufa mbili zinazojibizana. Kila taa na kila chaja ya namna hiyo ina saketi inayokata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele za huko kukata na kuunga huangukia hasa kwenye masafa mafupi na masafa ya kati. FM inazikwepa kwa sehemu kubwa. SW inazisikia zote, tena ikiwa redio ni nzuri ndiyo inazisikia zaidi. Nikaomba niitoe barazani. "Mali haitoki bila kulipiwa." Nikamwambia basi zima taa kidogo. Akaniangalia juu mpaka chini. "Mzee, umetumwa?"

Nilikuja kupata haki yangu siku umeme ulipokatika nikiwa duka jingine. Taa zikafa, sabufa zikanyamaza, jenereta za mtaa zilikuwa bado zinatafutiwa mafuta. Nikaikimbilia redio iliyokuwa mezani, nikavuta antena. Mchina huyu hapa. Mwarabu huyu hapa. Mhubiri wa Kiingereza anaahidi moto, na nyuma yake Mhindi anaimba kwa uchungu. Kila mtu dukani analaani giza, mimi peke yangu naomba mafundi wachelewe. Hawakuchelewa.

Hili la kujaribu kwa FM tu linaniudhi kwa sababu nyingine, na wakazi wa mji huu wangepaswa kuudhika pamoja nami. Pale Mazimbu, ambako leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) yenye jina la Solomon Mahlangu, wakimbizi wa ANC ya Afrika Kusini walikuwa na chuo chao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi walipoikabidhi ardhi na majengo kwa serikali yetu mwaka 1992. Mkutano wao mkubwa wa 1969 nao ulifanyika hapahapa Morogoro. Kipindi chao, Radio Freedom, kilirushwa kutoka Dar es Salaam na idhaa ya nje ya Radio Tanzania, kwa masafa mafupi, kuelekea kusini, na huko kusini kukisikiliza lilikuwa kosa la jinai. Makaburu wenyewe walitandaza minara ya FM nchi nzima kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960, na wanahistoria wameeleza mojawapo ya sababu: mwenye redio ya FM tupu hamsikii Dar es Salaam wala Moscow. Watu walikuwa wanafungwa kwa ajili ya SW, na sasa kijana wa Morogoro ananiambia huko hakuna kitu ili tu arudi kwenye bongofleva.

Halafu kuna hesabu ya bendi. Juu ya boksi wameandika bendi 12 kwa maandishi makubwa kuliko jina la redio. Ukichunguza, FM ni moja, masafa ya kati ni moja, na zinazobaki ni masafa mafupi yaleyale yamekatwakatwa vipande vikapewa namba: SW1, SW2, SW3, mpaka vidole viishe. Kati ya kipande na kipande wameacha mapengo, na mara nyingi stesheni unayoitaka inaishi kwenye pengo. Msikilizaji wa kwetu anahitaji mita bendi chache zinazojulikana: 49, 41 na 31 kwa usiku, 25 na 19 jioni na asubuhi, 16 na 13 mchana jua likiwa kali. Redio yenye hizo bila mapengo, na inayokuonyesha kilohezi kwa tarakimu, inaishinda yenye SW kumi na mshale mwekundu unaotembea juu ya mstari usio na namba. Niliwahi kumwuliza muuzaji mmoja mshale ule unaonyesha nini. Akasema unaonyesha kwamba redio inatembea.

Redio hizo za bei poa zina ujanja mwingine ambao muuzaji anauita sifa. "Ona mzee, stesheni zimejaa!" Ni kweli zimejaa, ila zimezaliwa mapacha. Redio ya bei poa hubadilisha mawimbi mara moja tu kwenda kwenye masafa yake ya ndani, ambayo mara nyingi ni kilohezi 455, na kwa kufanya hivyo kila stesheni yenye nguvu hujitokeza tena mahali pengine, kilohezi 910 kando ya pale inapostahili kuwa. Ukimkuta Mchina anasoma habari ileile kwa sauti ileile sehemu mbili, hujapata stesheni mbili. Umepata redio moja mbovu. Zilizo bora hubadilisha mara mbili, au zinatumia chipu inayochuja mawimbi kwa hesabu, na mapacha wanapungua.

Kuna na ile inayoshika kupita kiasi. Hii inawadanganya wengi, kwa sababu ukiivuta antena tu mambo yanafurika. Tatizo ni kwamba yanafurika kwa pamoja. London anasoma taarifa ya uchumi, Mhindi anaimba chini yake, na kati yao mtu anahesabu namba kwa Kirusi. Usikivu mzuri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuchagua mmoja na kuwafukuza wengine, na kwa hiyo redio inayokuwezesha kupanua na kubana chujio ina thamani kuliko yenye taa za disko kwenye spika. Taa za disko! Nani alilala njaa kwa kukosa taa za disko kwenye taarifa ya habari?

Majina sitayasema sana. Ipo redio yenye jina la kiwanda kikubwa cha Kijapani, ila herufi moja imehama nyumba. Ukiionyesha kwa kidole muuzaji anasema hiyo ndiyo orijino, ile nyingine ndiyo feki.

Redio za maana zipo duniani, na si siri. Sony walitoa ICF-SW7600GR mwaka 2001, wenye nazo mpaka leo hawakuazimi, na kiwanda kimeshaacha kuitengeneza. Siku hizi wanaotajwa ni Wachina wa Tecsun. PL-380 yao inaingia mfuko wa koti, ndani ina chipu ya Silicon Labs, na inakula betri tatu ndogo za kawaida. PL-330 inakula betri ya BL-5C, ileile ya simu za kitochi za Nokia, ambayo hata gulioni Nyandira inauzwa juu ya turubai karibu na mitumba. Hilo la betri msilidharau. Redio inayotaka chaja ya kipekee itakufa siku chaja itakapokufa. Mtu wa mlimani anunue redio inayokula kitu kinachouzwa kwenye kibanda cha kijijini kwake, na betri azitoe kila anapojua hataisikiliza muda mrefu.

Ukizitaja redio hizi madukani kwetu unaambiwa "hiyo haijaingia." Ukipiga simu Kariakoo unatajiwa laki mbili na zaidi, na ukiguna unaambiwa kwa hela hiyo si upate sabufa. Ya mjomba ilikuja hatimaye ndani ya begi la vitenge, kwa mkono wa mtu aliyekuwa anarudi kutoka Guangzhou, na nilimlipa yeye, mizigo yake, na shukrani zake.

Nikapanda nayo Mgeta, kwa gari lililobeba watu kwenda na kabichi kurudi. Mjomba akaipokea, akaigeuza, akaipima kwa mkono. "Umeniletea simu?" Nikamwambia ni redio, mjomba. Akaiweka juu ya kabati la sebuleni, mahali pa heshima ilipokuwa National, akaketi kwenye kiti chake, akangoja. Ikakwaruza. Akanigeuzia uso.

Juu ya kabati, ukutani, imetundikwa kontrola ya sola. Watu wa vijijini wamepata mwanga, na ni jambo la kheri, lakini kontrola nyingi za bei nafuu zinapiga kelele kwenye masafa mafupi mchana kutwa, na zile taa za LED zinapokea zamu usiku. Nikamwomba tutoke nje. Mjomba hakupenda. Redio ya mtu mzima inakaa sebuleni, huko nje ni kwa vijana wa muziki. Tukabishana kwa adabu, yaani mimi nilinyamaza na yeye akasema, mpaka tukafikia mwafaka wa banda la mbuzi, ambalo liko mbali na nyaya zote na lina bati upande mmoja tu. Mbuzi wenyewe ni wa maziwa, wa asili ya Norwei, wajukuu wa wale walioletwa Mgeta miaka ya 1980 kwa mradi wa SUA. Nikachuna ncha ya waya wa mita chache, nikaubana kwenye antena, upande wa pili nikautupa juu ya mparachichi. Hapo ikafunguka mpaka mbuzi mmoja akasimama.

Ila waya nao una kipimo chake. Mpwa mwingine pale nyumbani, aliyeona nimefanikiwa, akataka aurefushe mpaka kwa jirani. Redio ndogo ikipewa waya mrefu kupita kiasi inazidiwa, stesheni zenye nguvu zinafunika zote, na unarudi kwenye ile hali ya Mhindi chini ya London. Mita tano, saba, zinatosha.

Likaja suala la saa. Ratiba za stesheni huandikwa kwa saa za UTC. Sisi tuko saa tatu mbele ya hizo, na saa yetu ya Kiswahili iko saa sita nyuma ya saa ya Kizungu. Mimi na daftari, najumlisha tatu, natoa sita, najumlisha tena. Mjomba akanitazama, akasema: "Toa tatu." Kweli bwana. Wakiandika 15:30, toa tatu, ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Miaka yote hiyo vyuo vimetufundisha kuzunguka. Kinachoudhi ni kwamba ratiba zenyewe hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo mzee akishakariri, wanahama.

Na wanaohama bila kuaga ndio walionitia mashakani. Mjomba aliitafuta Sauti ya Amerika pale alipoiacha. Kimya. Nikamweleza kwamba Machi 2025 serikali ya Marekani iliwapeleka wafanyakazi wa idhaa hiyo likizo ya lazima na matangazo yakakatika. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"National ilikuwa inaishika."

Nilimweleza pia kuhusu minara. BBC walikuwa na kituo cha kurushia Ushelisheli, wakakifunga 2014. Ujerumani walikuwa na chao Kigali, wakakifunga 2015. Vituo hivyo vilikuwa karibu nasi, na ukaribu wao ndio uliozifanya hata redio dhaifu zionekane shujaa. Leo sauti zilizobaki nyingi zinatoka mbali zaidi na zinafika zimechoka, ndiyo maana nasema enzi hizi ndizo za kuchagua redio kwa masikio yake. Wauzaji wetu wamefanya kinyume: kadiri stesheni zinavyopungua, ndivyo wanavyoongeza tochi. Mjomba hayo yote alinijibu kwa jina moja tu, National, na mimi sina nguvu za kushindana na marehemu.

Kinachoniuma zaidi ni Zanzibar. Redio ya Zanzibar ina mtambo wake wa masafa mafupi Dole, Unguja, na kwa miaka mingi jioni imekuwa kwenye kilohezi 11735, mita bendi 25. Wasaka stesheni wa Ulaya na Japani wanaijua namba hiyo kwa moyo, wanaisikia, wanairekodi, wanaandika ripoti kwa furaha. Kutoka Dole mpaka Morogoro, kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita 200. Nami nikiweka 11735 mara nyingi napata upepo. Sababu ipo: wimbi la masafa hayo likipanda angani huteremkia mbali sana, na jirani anarukwa. Naikubali sababu, siikubali hali. Taarabu ya kwetu, inapita juu ya kichwa changu Kilakala kwenda kumliwaza Mfini kwenye theluji.

Kwa hiyo wewe unayenunua mwezi huu, acha boksi, nenda dukani saa moja jioni, na uende na betri zako mwenyewe. Omba utoke nje ya mlango hatua chache, lipa amana wakikataa. Vuta antena yote, weka mita bendi 31 halafu 25, usikilize kama sauti moja inasimama peke yake. Itafute tena kilohezi 910 kando; ukiikuta pale pia, irudishe rafuni. Kwa masafa ya kati usihangaike na antena, zungusha redio nzima polepole, kwa sababu kijiti cha feraiti kilicho ndani ndicho kinachosikia na kina upande wake. Ukiuziwa, dai risiti, na waandike siku ngapi unaweza kuirudisha.

Na kama kuna duka hapa Morogoro linaloruhusu mteja kufanya hayo bila kumwuliza ametumwa na nani, tafadhali nielekezeni mtaa. Mjomba sasa anataka ya pili, ya sebuleni.